Nyaya Mbili, Sheria Nyingi: Kwa Nini Simu ya Mezani Haihami Nchi kwa Urahisi

Utangulizi

Neno simu lilitufikia kutoka Kiajemi, lugha ambayo ndani yake sim ni waya. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalieleza kwa maana ya telegrafu, na jambo hilo halishangazi, kwani kebo ya chini ya bahari iliyotandazwa kutoka Aden ilifika Unguja mwaka 1879. Baadaye neno likahamia kwenye chombo cha kusemea, kisha kwenye kile cha mfukoni ambacho hakina waya wowote. Ndiyo kusema kwamba kila anayetamka "nipigie simu" angali anautaja waya, ajue asijue.

Makala haya yanaurudia waya wenyewe. Swali letu ni hili: iwapo simu ya mezani popote duniani hutegemea nyaya mbili tu za shaba, imekuwaje chombo kilichonunuliwa London kikose kulia kinapounganishwa Chicago, au modemu ikachomekwa ukutani mjini Berlin na kuikata simu iliyo kando yake? Aghalabu jibu linalotolewa ni kwamba kila nchi ina plagi yake. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno. Umbo la plagi ni matokeo. Sababu zinapatikana katika historia ya kengele na, zaidi ya hapo, katika sheria zilizoamua ni nani mwenye haki ya kuugusa waya ndani ya nyumba ya mteja. Aidha, kwa kuwa wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha, tutasimama kidogo kwenye istilahi, maana hapo ndipo mfasiri wa Kiswahili anapoweza kujikwaa vibaya.

Nyaya mbili na kazi zake

Kutoka kituo cha kuunganishia simu hadi nyumbani kwa mteja huja jozi moja ya nyaya zilizosokotwa pamoja. Kituoni kuna betri zinazotia katika jozi hiyo umeme wa volti 48 hadi 50 hivi, wa mkondo mnyoofu, yaani ule unaoelekea upande mmoja bila kugeuka. Mkono wa simu ukiwa umelazwa mahali pake, njia imekatika na umeme haupiti. Ukiinuliwa, swichi iliyo chini yake huifunga njia, mkondo hupita, na kituo hutambua kwamba yupo mtu anayetaka kuzungumza. Umeme huo huo ndio unaokiendesha chombo chenyewe, na ndiyo maana simu ya kawaida ya waya iliweza kutumika hata mtaa mzima ukiwa gizani.

Kengele ina mahitaji yake. Nyundo yake haina budi kwenda huku na huku, kwa hivyo kituo huipelekea mkondo geu wenye nguvu kubwa kuliko ule wa mazungumzo, unaokwenda na kurudi mara 20 kwa sekunde nchini Marekani na mara 25 nchini Uingereza. Tatizo ni kwamba kengele imeunganishwa na nyaya zile zile mbili. Ikiachwa wazi, mkondo mnyoofu utapita ndani yake wakati wote na kituo kitadhani kwamba mkono wa simu umeinuliwa. Dawa yake ni kapasita, kifaa kidogo kinachouzuia mkondo mnyoofu na kuuruhusu mkondo geu. Msomaji akikumbuke kifaa hiki, kwani mahali kilipowekwa ndipo njia za Uingereza na Marekani zilipoachana.

Ncha, pete na kengele

Kabla ya kufika huko, tuyatazame majina. Wamarekani huuita waya mmoja wa jozi "tip" na wa pili "ring". Mfasiri mwenye haraka, akijua kwamba "ring" ni mlio wa simu, ataandika waya wa kengele, naye atakuwa amekosea. Majina haya yalizaliwa kwenye swichibodi, zama ambazo opereta aliwaunganisha wasemaji kwa kuchomeka kamba yenye plagi ya mviringo katika tundu. Waya mmoja uliishia kwenye ncha ya plagi hiyo, na wa pili uliishia kwenye pete ya chuma iliyokuwa nyuma ya ncha. Basi "tip" ni ncha na "ring" ni pete, na kengele haihusiki hata chembe. Yeyote aliyewahi kuitazama plagi ya mviringo ya visikizi vya masikioni ameiona ncha hiyo na pete yake, kwa sababu plagi hiyo ni kitukuu cha ile ya swichibodi.

Kosa hili lingekuwa dogo kama waya wa kengele usingekuwepo mahali popote. Lakini upo. Uingereza ilizipa nyumba zake waya wa tatu, nao kwa hakika ni wa kengele, wala hauna uhusiano na pete ya swichibodi. Mfasiri akiuita "ring" wa Marekani waya wa kengele, fundi atakayemsoma atakuwa na nyaya mbili zenye jina moja, mmoja ukibeba umeme wa betri na mwingine ukibeba mlio. Napendekeza, kwa hivyo, waya wa ncha na waya wa pete kwa jozi ya Kimarekani, na waya wa kengele kwa ule wa tatu wa Uingereza. Waingereza na Wajerumani waliukwepa utata huu kwa kuziita nyaya za jozi A na B basi. Ni majina yasiyo na ladha, lakini hayampotezi mtu.

Rangi nazo zina mitego yake. Katika nyumba za zamani za Marekani, waya wa ncha ni wa kijani na waya wa pete ni mwekundu. Aliyezoea betri ya gari anaijua nyekundu kuwa alama ya chanya. Katika simu, waya huo mwekundu ndio wa hasi, kwa sababu upande wa chanya wa betri za kituoni umeunganishwa na ardhi. Wahandisi waliuchagua mpango huo makusudi, kwani unapunguza kuliwa kwa shaba pale kebo inapopatwa na unyevu chini ya ardhi. Uingereza haitumii kijani na nyekundu kwa jozi ya laini katika nyaya zake za kawaida za nyumbani. Jozi ya kwanza ni ya buluu na nyeupe, na waya wa kengele ni wa rangi ya machungwa.

Uingereza: kapasita moja kwa nyumba nzima

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, simu iliyokuwa sebuleni kwa Mwingereza haikuwa yake. Ilikuwa mali ya Posta, aliikodi, na nyaya zake zilikazwa kwa skrubu ndani ya kisanduku cha ukutani ambacho mteja hakuruhusiwa kukifungua. Plagi haikuhitajika, kwa kuwa hapakuwa na cha kuchomoa. Mambo yalibadilika mwaka 1981. Sheria ya mwaka huo iliitenga British Telecom na Posta na kufungua mlango wa watu wengine kuuza vyombo vya simu. Ghafla ilihitajika alama ya mpaka: hapa mali ya kampuni inakoma, na hapa mali ya mteja inaanza. Alama hiyo ikawa soketi kuu ya ukutani, yenye plagi ambayo ulimi wake wa kubania uko ubavuni.

Ndani ya soketi kuu mna vifaa vitatu. Kimoja huikinga nyumba na umeme wa radi. Cha pili ni kizuizi cha omu 470,000 kinachomwezesha fundi aliye kituoni kuupima waya hata kama hakuna simu iliyochomekwa. Cha tatu ni kapasita yetu, ya mikrofaradi 1.8. Katika nafasi sita za soketi hiyo, jozi ya laini iko kwenye nambari 2 na 5. Nambari 3 ndiyo ya kengele, inayolishwa kupitia kapasita hiyo. Soketi nyingine zote za nyumbani hufuata nyuma ya hii kwa nyaya tatu, wala hazina kapasita zao.

Kwa nini wakaingia gharama ya waya wa tatu? Sababu ni usumbufu ambao kizazi cha vitufe hakiujui. Kisahani cha kuzungushia namba hufanya kazi kwa kuukata na kuuunga mkondo haraka haraka: namba 7 ni mapigo saba. Kila pigo huzigusa kengele za simu nyingine za nyumba hiyo, zikawa zinalia kwa sauti ndogo ya kuudhi huku mtu akipiga simu chumba cha pili. Kengele zote zikiwekwa kwenye waya mmoja wa pamoja, simu inayopiga inaweza kuufunga waya huo kwa muda na kuzinyamazisha zote. Ni suluhisho la kistadi kwa tatizo ambalo lilikuwa tayari linaelekea kufa, maana simu za vitufe zilikuwa mlangoni.

Sasa swali la Chicago linajijibu. Simu ya Kiingereza iliyoundwa kwa mpango huo haikuwa na kapasita yake ndani. Ikiunganishwa na laini ya Marekani kwa adapta ya kawaida, itapiga na itazungumza vizuri, lakini mtu akiipigia haitalia, kwa kuwa waya wa kengele unaoungojea haupo. Safari ya kurudi haina taabu hiyo, kwa sababu simu ya Kimarekani hubeba kapasita yake tumboni. Adapta nzuri ya simu za Kiingereza ilikuwa ni ile iliyofichwa kapasita ndani yake, ingawa kwa macho ilifanana kabisa na ile mbaya.

Marekani: kikombe kilichofika mahakamani

Huko Marekani mgogoro wa umiliki ulikuwa mkali zaidi, na ulianza na kitu kidogo kiasi cha kuchekesha. Kampuni ya AT&T ilikataza kuunganishwa kwa kifaa chochote kisicho chake na simu zake. Katazo hilo lilikihusu hata Hush-A-Phone, kikombe kilichovishwa kwenye mdomo wa simu ili maneno ya msemaji yasisikike na walio karibu. Kikombe hakikuwa na waya wala umeme. Hata hivyo kampuni ilikipinga, na ni mwaka 1956 ndipo mahakama ya rufani ilipoamua kwamba mteja ana haki ya kuitumia simu yake kwa namna inayomfaa madhali hamdhuru mwingine. Mwaka 1968 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilikwenda mbali zaidi katika shauri la Carterfone, kifaa cha kuunganisha redio za mawasiliano na simu, ikayaondoa masharti ya kampuni.

Kampuni haikunyamaza. Ilidai kwamba vifaa vya wageni vingeweza kupeleka umeme wa hatari kwenye nyaya na kuwaumiza mafundi. Hoja hiyo, kwa maoni yangu, haikuwa ya kubeza: jozi ile inafika mikononi mwa mtu aliye juu ya nguzo. Tume ikatafuta njia ya kati katika miaka ya 1970. Kifaa kitapimwa na kuandikishwa, kisha kiunganishwe kupitia soketi ya aina iliyoandikishwa. Kutokana na maneno "registered jack" tukapata herufi RJ, na soketi ya laini moja ikaitwa RJ11.

Hapa mwanaisimu ana la kusema. Kwa maana yake kamili, RJ11 ni jina la mpangilio wa nyaya, wala halitaji kipande cha plastiki. Plagi ile ile yenye nafasi sita, ikitumia nyaya mbili za katikati ni RJ11, ikitumia nne kwa laini mbili ni RJ14, na ikitumia zote sita ni RJ25. Watu wameliacha jina la mpangilio lihamie kwenye umbo, na siku hizi kila plagi ndogo ya simu ni RJ11. Uhamaji wa maana wa namna hii tunaufundisha darasani kwa mifano mingine, lakini huu una madhara yanayopimika. Kamba nyingi za Uingereza zina plagi ya Kiingereza upande wa ukuta na plagi ya umbo la Kimarekani upande wa chombo. Katika baadhi ya kamba hizo laini iko kwenye nyaya mbili za katikati, na katika nyingine iko kwenye zile za nje. Kamba hizo mbili haziwezi kutofautishwa kwa kutazamwa kijuujuu. Ukiitoa ya simu ukaitia kwenye modemu, inaingia barabara, inabana vizuri, na hakuna kinachopita.

Ujerumani: anayetangulia ndiye anayetawala

Wajerumani walilichukulia jambo hili kwa namna yao kabisa. Soketi yao iitwayo TAE, iliyoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hupanga vyombo kwa daraja. Tundu lenye alama F ni la simu. Tundu lenye alama N ni la chombo kingine, kama vile mashine ya kupokea ujumbe, faksi au modemu. Mikato ya plagi hizo mbili inatofautiana, hivyo plagi ya simu haiingii katika tundu la chombo kingine. Kilicho muhimu zaidi hakionekani. Laini haigawanyiki kwenda matundu yote kwa pamoja kama ilivyo Marekani na Uingereza. Inapita kwanza katika matundu ya N, moja baada ya jingine, na mwisho ndipo inapoifikia simu.

Tundu la N likiwa tupu, vyuma vyake hugusana na laini hupita. Plagi ikichomekwa, vyuma hutengana, na laini hulazimika kuingia ndani ya chombo na kurudi kwa nyaya nyingine mbili. Faida yake ni kwamba faksi inapopokea waraka, mtu akiinua simu sebuleni hauharibu. Hasara ni kwamba chombo ambacho kamba yake haina nyaya za kurudishia huimeza laini moja kwa moja. Aliyenunua modemu ng'ambo na kuiunganisha Berlin kwa kamba ya nyaya mbili alipata intaneti na kupoteza simu, hata wakati modemu ilipokuwa imelala.

Wafaransa walikuwa na plagi pana yenye umbo la herufi T, ambayo mara nyingi iliruhusu plagi nyingine kuchomekwa juu ya mgongo wake. Tusikawie hapo.

Kisahani cha New Zealand

Tofauti hazikuishia ukutani. New Zealand ilipokea soketi ya Kiingereza, lakini kisahani chake kilikuwa kimeandikwa kinyume miongo mingi kabla ya hapo. Sufuri ilibaki palipo sufuri ya London, ila namba 1 hadi 9 zilipangwa kwa kugeuzwa, hivi kwamba 1 ilitoa mapigo tisa, 2 ikatoa manane, na kuendelea. Simu ya Uingereza ya kisahani ikipelekwa Wellington ingezungumza bila taabu na ingempigia mtu mwingine kabisa, isipokuwa kama namba nzima ilikuwa ya 0 na 5 tupu. Uingereza ilianza kutumia 999 kwa dharura mwaka 1937, kwanza London. New Zealand ilipoanza ya kwake mwaka 1958, ilichagua 111. Kwenye waya, namba hizo mbili ni mapigo yale yale: tisa, tisa, tisa. Sweden nayo ilikitanguliza sufuri, ikawa 0 ni pigo moja na 1 ni mapigo mawili.

Waya wa kengele baada ya kisahani

Visahani vilipotoweka, waya wa machungwa wa Uingereza ulibaki kutani bila kazi kubwa, kwa kuwa simu mpya nyingi zilitengenezwa na uwezo wa kulia zenyewe. Kisha ukageuka adui. Nyaya mbili zilizosokotwa pamoja hustahimili makelele ya umeme kwa sababu kila kelele huzigusa zote mbili kwa usawa, na kifaa husoma tofauti iliyo kati yake tu. Waya wa tatu umeunganishwa na upande mmoja wa jozi, hivyo huvunja usawa huo na kuwa kama antena. Intaneti ya kasi ilipoanza kupita katika jozi hizo miaka ya 2000, baadhi ya nyumba zilipoteza kasi kwa sababu ya waya huo. Mafundi waligundua kwamba kuukata nyuma ya soketi kulitosha. Baadaye kikauzwa kifaa cha kuupachikia kizuizi, kwa ajili ya waliokuwa na simu kongwe zilizoungoja bado ili zilie.

Jozi zenyewe nazo zinaelekea ukingoni. Ufaransa iliacha kuuza laini mpya za aina hii mwezi Novemba 2018. Uingereza ilikuwa imepanga kuzima mtandao wake wa zamani Desemba 2025, lakini mwaka 2024 BT ilitangaza kuusogeza mwisho huo hadi Januari 2027. Sababu kuu ya kuchelewa ilikuwa wazee na wagonjwa wanaovaa kitufe cha kuombea msaada, ambacho mashine yake hupiga simu kupitia ile laini ya nyaya mbili. Simu mpya hupitia ruta, nayo ruta hula umeme wa nyumbani, sio ule wa betri za kituoni. Umeme ukikatika, simu inakufa nao. Mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo, Ofcom, aliyataka makampuni yampe kila mteja anayeitegemea simu ya mezani njia ya kufikia huduma za dharura kwa angalau saa moja baada ya umeme kukatika. Zamani hapakuwa na haja ya kuzihesabu saa.

Mteja anayetaka kuendelea kuzitumia soketi za vyumba vyake baada ya mabadiliko hayo hana budi kwanza kuzitenga na waya unaotoka nje, kisha azilishe kutoka kwa ruta. Tundu la simu lililo nyuma ya ruta ambayo BT iliwapa wateja wake wengi lina umbo la mwaka 1981, na ulimi wa plagi bado unabana ubavuni.